Kwa Nini Mwanya Hauitwi Pengo

Msimwone mtu ana mwanya kati ya meno yake mawili ya mbele, watu wanamsifu kuwa kaumbika, mkadhani mambo yalikuwa hivyo tangu dunia ilipokunjuliwa. Sivyo. Zilikuwapo zama ambapo jambo hilo halikuwa hata na jina lake lenyewe. Liliitwa pengo, jina lile lile la jino lililong'oka, na mwenye nalo alicheka na kusalimia watu huku kiganja kiko mdomoni. Sogeeni niwaeleze lilivyobadilika. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, asije akanikoromea katikati.

Palikuwa na mji ukiitwa Mikinduni. Ukindu uliota kila bonde, na watu wake, wake kwa waume, walisuka mikeka, makanda na vipepeo vya kupepea moto. Wala si kusuka kwa kubahatisha. Mkeka wa Mikinduni ulipokwisha ulitandikwa uani, ukamwagiwa kata ya maji. Maji yakipita, ulifumuliwa mbele ya macho ya aliyeusuka, maskini wa watu, akaanza upya. Yakikaa, alisifiwa. Basi wakazoea hivyo, kitu kizuri kwao kikawa ni kile kilichobana. Nyumba nzuri ilikuwa ile ambayo ua wake haupitishi jicho. Mtu mwema alikuwa yule asiyevuja neno. Na meno mazuri yalikuwa yale yaliyoshikana kama punje za hindi.

Sasa sikieni desturi yao. Msichana akiposwa, kabla ya harusi kupangwa, aliketishwa juu ya mkeka mpya, wanawake wa pande zote mbili wamemzunguka. Bibi mmoja mwenye heshima zake alichukua chane, yaani ukindu uliochanwa ukawa mwembamba, akailowesha, akaipitisha kati ya meno mawili ya juu. Chane ikikwama, vigelegele. Chane ikipita, hapakuwa na matusi wala kelele. Upande wa mwanamume waliinuka mmoja mmoja, wakajitanda shuka zao, wakaondoka bila kugusa chakula. Walisema, "Panapopita chane hupita siri, na riziki huifuata." Msichana wa watu ndiyo basi tena. Alibaki kwao akisuka mikeka ya harusi za wenzake mpaka nywele zikamgeuka rangi.

Aliyeshika chane siku hizo alikuwa Bi Mize, mjane, mrefu, mkavu, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Mtu akimwona anakuja njiani alijikagua kwanza. Lakini hakuwahi kusema uongo juu ya mkeka ule, hata alipojaribiwa binti wa dada yake, na ndiyo maana walimwamini. Mumewe alikuwa amekufa, watoto Mungu hakumjaalia, na meno yake ya mbele yalikuwa yamemtoka moja baada ya jingine. Hilo la meno hakuna aliyelijua kwa yakini, maana alizungumza upindo wa shuka ukiwa mdomoni. Watu walidhani ni haya za kizee. Haya gani? Alikuwa anaficha.

Na kulikuwa na jingine wasilolijua. Bi Mize alikuwa na njaa. Si kila siku, lakini siku nyingi. Vidole vimekakamaa hasuki tena mikeka ya kutosha, shamba la mumewe limeota magugu, na yeye kwenda kuomba kwa watu, bora afe. Basi aliinjika chungu cha maji matupu juu ya mafiga, akachochea moto, ili moshi uonekane na mpita njia aseme, Bi Mize anapika. Kisha akaketi kando ya chungu chake, akanyoosha mgongo kama mtu aliyeshiba.

Ua wake ulipakana na nyumba ya Mcha, mkwezi wa minazi. Pahala pamoja fito ziliwahi kuoza zikaanguka, pakabaki nafasi ya kupita mkono na bakuli. Nafasi ya namna hiyo kwenye ua waliiita mwanya, na waliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja chawa. Hapo ndipo alipokuwa akija Sikitu, binti wa Mcha. Mara ya kwanza alikuja kwa kazi tu. Moto wa Bi Mize ulikuwa umezimika, na enzi hizo moto uliazimwa kwa jirani. Mtoto akapitisha kaa la moto juu ya kifuu, akachungulia, akakiona chungu kimejaa maji matupu. Hakusema kitu. Siku iliyofuata, pamoja na kaa la moto, lilipita bakuli la muhogo, na sauti ndogo ikasema, "Bibi, leo mama kapika mwingi."

Mama hakuwa amepika mwingi. Bi Mize alilea wadogo zake wote, fungu la mtoto alilijua likiwa bakulini, na alijua anakula chakula cha nani. Alitaka kulirudisha. Mkono ukakataa. Alikula, machozi yakamtoka, akajifuta, akawa mkali, akauliza kwa nini muhogo haukutiwa chumvi.

Lakini chombo cha watu hakirudi kitupu, na Bi Mize hakuwa mtu wa kuvunja ada. Siku akiwa na limau alitia limau. Akiwa na majani ya mchaichai alitia mchaichai. Na akiwa hana kitu kabisa, alilisukuma bakuli mwanyani na kusema, "Kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Chukua hicho, kakile na nduguzo." Sikitu aliondoka akitafuna kitendawili kile siku nzima, na asubuhi alirudi na kaa lake la moto, muhogo wake, na jawabu. Akipatia, Bi Mize aliguna. Akikosea, walicheka wote wawili, mtoto kwa sauti na bibi ndani ya upindo wake. Akikua mtoto huyu, mazungumzo nayo yakakua. Kulikuwa na siku ambazo Bi Mize aliamka na kitu kimoja tu cha kumwinua kitandani, nacho kilikuwa ni kule kusikia majani yakichakacha upande wa pili wa ua.

Hapo mwanyani ndipo alipoyaona meno ya Sikitu yakiota, yakang'oka, yakaota tena. Yale mawili ya juu ya mbele yalipoota mara ya pili yaliacha nafasi katikati, nyembamba, safi, na mtoto alipocheka ulimi ulionekana hapo kidogo. Bi Mize aliiona akageuza uso. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote mjini.

Sikitu naye akaja kujua. Wenzake walimfundisha haraka, kama watoto wanavyofundishana mabaya. Akaanza kuweka kiganja mdomoni, akaacha kuimba wakati wa kuanika ukindu, akawa anacheka kwa pua. Mwanyani tu ndipo alipocheka kama alivyoumbwa. Lakini Vuai, kijana wa Bi Kazija, alimkuta siku moja bondeni anacheka peke yake kwa kitendawili fulani, amesahau kiganja, na kijana akarudi nyumbani akasema anaoa huyo au haoi. Bi Kazija alikuwa msukaji kuliko wasukaji wote, mwanamke mwema mwenye haraka. Alikuwa amesikia maneno ya watu kuhusu meno ya binti Mcha. Alisema, "Watu husema mengi. Chane itasema." Posa ikapelekwa, na siku ya chane ikawekwa baada ya masika.

Watu wa Mikinduni hawakuwa wabaya, msije mkawafikiria hivyo. Mabaya mengi hutendwa na watu wema walioamka mapema. Kabla mvua hazijaanza, Bi Kazija aliutazama ua wa Bi Mize, akaona umechoka, akasema haiwezekani mtu wa kumjaribu mkwe wetu akae ndani ya ua uliotoboka. Akakusanya watu. Wakaja na fito mpya na makuti mapya na nyimbo, wakafunga mara mbili mbili, wakaziba kila mahali. Walipomaliza, Bi Kazija aliupigapiga ua kwa kiganja akasema, "Hata mjusi sasa atabisha hodi." Bi Mize akawashukuru ndani ya upindo wake. Angesema nini? Niachieni tundu langu, ndipo kinapopitia chakula changu?

Masika ikashuka. Bi Mize alitia komeo mlango wa mbele kwa ajili ya upepo, akalala, na homa ikamkuta hapo. Moto ukazimika. Sikitu, ambaye mkono wake haukupita tena kokote, alizunguka hadi mlango wa mbele na kifuu chake chini ya mvua, akapiga hodi, asijibiwe. Na Mikinduni mtu asipojibu hodi, unarudi. Kupiga tena na tena ni kumchungulia, na mtu mwema hachunguliwi. Alirudi. Kesho yake akapiga tena, kimya. Mama yake akasema, "Muache bibi wa watu apumzike." Paa la Bi Mize halikuwa na moshi, na aliyelitazama akasema ni mvua.

Sikitu alikwenda kwenye ua, akaweka sikio pale pale alipopazoea. Alisikia kikohozi kidogo, kikavu, kisha hakusikia kitu. Akachukua panga la baba yake. Alikata kamba zile zilizofungwa mara mbili, aking'oa fito mpya na kutupa makuti matopeni, huku anajua kabisa kazi anayoiharibu ni ya mama wa Vuai. Bi Mize, ambaye alikuwa amekwisha kukubali kuwa hapo ndipo mwisho wake, alisikia mpasuko, akasikia nyayo mbio uani. Mlango wa nyuma ukasukumwa, mwanga ukaingia, na baada ya mwanga uso wa Sikitu, maji yakimtiririka.

"Bibi," alisema, "moto nimekuletea."

Alimpikia uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamfunika, akakaa naye. Bi Mize alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeuharibu ua wa watu." Sikitu akajibu, "Nimeuharibu." Wakacheka. Bi Mize hakuwa na nguvu ya kuushika upindo wa shuka, ukateleza, na Sikitu akayaona mapengo yake yote. Akaendelea kukoroga uji. Bi Mize alimpenda mtoto yule wakati huo hata kifua kikamuuma, na si kwa homa.

Mvua zilipokatika watu waliuona ua umepasuka, wakasikitika sana. Bi Kazija aliuliza nyumba kwa nyumba ni nani mwenye mkono mbaya kiasi hicho. Sikitu alinyamaza kwa hofu. Bi Mize alisema tu, "Ua ni wangu. Anayetaka kuuziba aje anizibe na mimi." Wakadhani homa bado haijamtoka.

Basi siku ya chane ikafika. Asubuhi Bi Mize alichana chane mbili. Moja ilikuwa nyembamba kama ada inavyotaka. Ya pili aliichana nene, akaikunja, akaificha ndani ya upindo. Ile nene ingekwama katikati ya meno ya yeyote, hata ya ng'ombe. Hakuna ambaye angemtilia shaka. Neno lake halijawahi kuwa la uongo, na alijiambia kwamba uongo mmoja kwa ajili ya mtoto yule ni kitu kidogo cha kulipa. Alijiambia hivyo njia nzima.

Sikitu alikuwa ameketi juu ya mkeka mpya, midomo ameifumba mpaka imekuwa myeupe. Wanawake walikuwa wamejaa uani, Bi Kazija mbele, na nyuma ya ukuta Vuai alikuwa akitembea huku na huku, nyayo zinasikika. Bi Mize akapiga magoti, mkono wake umo ndani ya upindo, umeishika ile nene. "Fumbua, mwanangu," alisema. Msichana akamtazama. Na kwa kuwa wako karibu, uso kwa uso, kama walivyokuwa kila asubuhi, akasahau alipo akamchekea.

Bi Mize akaiacha ile nene. Aliona kwamba akiitumia atakuwa amekubali kwamba kipo kitu cha kuficha. Aliichukua nyembamba, akailowesha, akaipitisha. Ilipita bila kugusa huku wala huku.

Bi Kazija alishusha pumzi, na ilionekana kuwa ameumia kweli, maana kijana wake alikuwa anampenda binti huyu. "Pengo," alisema taratibu, akainuka, akaanza kujitanda. Wenzake wakainuka naye. Sikitu alikuwa amekwisha kuweka kiganja mdomoni.

"Kazija, keti," alisema Bi Mize. "Pengo hujawahi kuliona. Nitakuonyesha."

Akaushika upindo wa shuka yake, akaushusha mbele ya mji mzima, akafungua mdomo. Watu walitazama. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Bi Mize aliweka kidole kwenye ufizi. "Hapa palikuwa na jino, nikalipoteza mwaka niliomzika mume wangu. Hapa palikuwa na jingine. Hapa na hapa. Pengo ni mahali palipokuwa na kitu kikaondoka, nami katika kila moja nakijua kilichoondoka. Huyu mtoto hakuondokewa na kitu. Hivi ndivyo alivyoletwa. Msimwite kwa jina langu mimi."

Bi Kazija alikuwa amesimama na shuka nusu begani. "Sawa, Bi Mize," alisema kwa heshima. "Lakini chane imepita, na panapopita chane hupita siri."

"Siri," alisema Bi Mize. "Mimi nina njaa, Kazija. Nina njaa miaka na miaka. Moshi mnaouona kwangu ni wa maji. Mtoto huyu amekuwa akinigawia chakula chake mwenyewe kwa kupitia mwanya wa ua, tangu akiwa hajafikia kinu kwa urefu. Ninyi mkauziba kwa wema wenu, nikawa ninakufa, na aliyeupasua kwa panga ni yeye. Haya, niambieni. Ni nani hapa aliyewahi kusikia, kwa kinywa cha Sikitu, kwamba Bi Mize analala na njaa?"

Walitazamana, na kila mmoja alikuwa akikumbuka moshi ule na mara alizoutazama akapita. Mama yake Sikitu alikuwa analia waziwazi, kwa kuwa hata yeye hakujua; alidhani binti yake ni mlaji polepole anayependa kula uani. Bi Kazija aliketi. Hakuketi mahali pake, aliketi chini, mkekani, ubavuni kwa Bi Mize, akamshika mkono ule uliokakamaa akaupakata kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini siku hiyo hakuwa nayo.

"Kama si pengo," aliuliza baadaye, "tuiite nini?"

"Si mnalo jina," alijibu Bi Mize. "Iko nafasi ndogo, katikati ya vitu viwili vilivyosimama wima, na kinachopita hapo ni cha kumpa mtu uhai. Mnaiitaje ikiwa kwenye ua?"

Bi Kazija alikiondoa kiganja cha Sikitu mdomoni kwake, kwa upole, kidole baada ya kidole. Akamtazama vizuri. "Mwanya," alisema. "Mkwe wangu ana mwanya." Na kwa vile lilikuwa neno la kunong'ona tu siku zote, kulisema kwa sauti kulimfanya acheke, na Sikitu naye akacheka, meno yote nje, na Vuai aliyekuwa nyuma ya ukuta akaacha kutembea. Chakula kikaliwa. Bi Mize alipakuliwa wa kwanza, akala mbele ya watu, upindo haupo, na akalalamika kwamba wali haukuiva vizuri.

Na tangu siku hiyo chane haikupitishwa tena kati ya meno ya mtu. Pengo likabaki kuwa pengo, jina la kitu kilichoondoka, na mtu huonewa huruma kwalo. Mwanya nao ukatoka kwenye ua ukaingia kwenye uso wa watu, na huko ukakaa, ukawa uzuri. Mtoto akiota meno ya pili na yale mawili ya mbele yakaacha nafasi, nyanya yake humbeba akamzungusha kwa majirani ili waione. Mwenye mwanya akicheka hakuna anayemwambia afumbe mdomo. Watu husogea karibu.